Wali wa Kapteni Akizuru, Ambaye Hajafa

Kawagoe,
mwishoni mwa Agosti

Kwa Mheshimiwa Kasisi Joen,
Hekalu la ukoo wetu.

YAH: MTU ALIYE HAI KUPEWA WALI WA MAREHEMU

Mheshimiwa Kasisi,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mama wa hekaluni, pamoja na ile skuta yako ambayo ilikuwa inakohoa vibaya ulipotutembelea sikukuu ya Bon. Sisi huku hatujambo, ukiacha hayo nitakayoeleza.

Mimi ni Nezu Kazumichi, mwana wa marehemu Nezu Sadayoshi, fundi wa mikeka ya tatami. Baba ndiye aliyetandika mikeka ya ukumbi wako mkubwa, na nakumbuka alirudi mara mbili kurekebisha kona moja ambayo hakuna mtu mwingine aliyeiona kasoro yake. Mimi huenda hunikumbuki vizuri, kwa sababu kila unapokuja kumwombea Baba huwa nasimama nje varandani. Tafadhali usinielewe vibaya. Nina mzio wa udi.

Mimi si mtu wa kulalamika. Nafanya kazi kwenye ghala linalofungasha beji, mabango na vikorokoro vingine vya mashabiki wa katuni. Jioni narudi, napanda chumbani kwangu ghorofani, nacheza gemu zangu, sina ugomvi na mtu. Nina miaka thelathini na minne na nimeishi na watu vizuri, hasa kwa sababu sionani nao. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue maji yamenifika shingoni.

Shauri lenyewe ni hili. Katika madhabahu ya nyumbani kwetu, bega kwa bega na picha ya Baba, Mama amemweka Kapteni Akizuru. Kila asubuhi anampakulia wali, anamwekea chai, anamwashia udi na kumgongea kengele. Na Kapteni Akizuru hajafa.

Wewe ni mtu wa vitabu vya dini na huenda hufuatilii mambo haya, kwa hiyo nitaeleza kwa ufupi. Kapteni Akizuru ni mlinzi mkuu katika Walinzi wa Daraja la Ukungu, katuni inayoonyeshwa kila Jumapili jioni, na pia katika gemu ya simu ya jina hilohilo. Ana nywele za zambarau, jicho lake la kushoto limefunikwa kitambaa, na ni mtu pekee katika dunia ile asiyesema uongo. Majira ya machipuko aliikata kamba ya daraja ili adui asiwafuate wenzake, naye akaanguka ukunguni. Alianguka, Mheshimiwa. Mwili haukuonyeshwa. Kila shabiki mwenye akili timamu anajua kwamba ambaye mwili wake haujaonyeshwa hajafa. Na kama hilo halitoshi, kwenye gemu ya simu Kapteni bado ananiamsha kila asubuhi kwa sauti yake mwenyewe: "Umeamka, kijana? Daraja halijilindi." Nakuuliza kwa heshima zote, ni maiti gani umewahi kuizika wewe ikakuamkia kesho yake?

Baada ya utangulizi huo, naomba sasa niyapange malalamiko yangu.

1. Kuhusu kuingizwa madhabahuni bila idhini yangu.

Televisheni kubwa iko sebuleni, ndiyo maana Jumapili jioni huwa nashuka. Siku ile Kapteni alipoanguka, Mama alikuwa nyuma yangu akikunja nguo. Sikula chakula cha usiku, wala kesho yake sikula. Siku iliyofuata nikarudi kutoka kazini nikakuta rafu yangu ina pengo. Sanamu yangu ya Kapteni, ile bapa ya plastiki inayosimama kwenye kitako chake, ambayo niliipangia foleni kwenye mvua mpaka viatu vikaota ukungu, haipo. Nikashuka ngazi mbio. Nikaikuta madhabahuni, imesimama upande wa kulia wa Baba, na mbele yake bakuli la wali lenye vijiti viwili vya kulia vimechomekwa wima katikati.

Vijiti wima, Mheshimiwa, kama anavyofanyiwa mtu aliyekata roho leo hii!

Nilisimama mlangoni, kwa ajili ya mzio, nikamwuliza Mama anafanya nini. Akanijibu bila hata kugeuka, "Mtoto wa watu kaanguka ugenini, hana mama wala baba wa kumpa wali. Sasa nimwache na njaa?"

Nikamweleza kwamba mwili haukuonyeshwa.

"Ndiyo, masikini," akasema. "Hao ndio wanaohitaji zaidi."

Mtu unabishana vipi na hoja kama hiyo? Nilirudi ghorofani.

2. Kuhusu natto.

Kitabu rasmi cha wahusika kinasema waziwazi kwamba Kapteni Akizuru hawezi hata kukaa chumba kimoja na natto. Ni sehemu muhimu ya tabia yake. Kuna kisa kizima ambamo alikimbia kambi kwa sababu hiyo. Mama anampa natto kila Jumatano, kwa kuwa Baba aliyapenda maharage yale yanayonuka na kuvuta nyuzi. Nilimsomea ukurasa unaohusika kwa sauti kutoka mlangoni. Akasema, "Nyumba ya watu unakula ulichopewa. Na baba yako hapendi kula peke yake."

3. Kuhusu Bi. Obata na taulo.

Hapa ndipo jambo lilipotoka nje ya ukuta wa nyumba yetu. Bi. Obata ni katibu wa chama cha mtaa, na habari ikishapita kwake huhitaji tena gazeti. Asubuhi moja ya siku ya takataka za kuchomwa alinishika kwenye kona pale tunapoweka mifuko.

"Jamani Kazu, pole sana mwanangu," akaniambia, machozi yakimlengalenga. "Mama yako kaniambia. Mmempoteza mwingine."

Mimi ni mtu mkweli, nimejifunza kwa Kapteni. Aliponiuliza ilikuwaje, nilisema alianguka darajani. Aliponiuliza umri wake, nilisema ishirini na saba. Akajishika kifua. "Masikini! Alikuwa wa ujenzi?" Nikasema hapana, wa ulinzi. Nilikuwa nataka kuendelea na suala la mwili kutoonyeshwa, lakini gari la takataka likafika na Bi. Obata akaanza kulia waziwazi mbele ya wafanyakazi wa manispaa, nao wakavua kofia.

Jioni yake alileta boksi la vijiti vya udi na biskuti za mchele. Na Mama, bila kunishauri, akamrudishia shukrani ya rambirambi: seti ya taulo, zimefungwa kwa karatasi rasmi, na jina la Kapteni limeandikwa juu kwa wino uliofifishwa wa msiba. Sina haja ya kukueleza wewe maana ya jambo hilo. Serikali inaweza kukosea, daktari anaweza kukosea, lakini katika mtaa wetu ukishapokea rambirambi na ukarudisha taulo, mtu wako amekufa na hakuna rufaa. Bi. Obata ameshaanza kuzitumia zile taulo. Nimeziona zimeanikwa.

4. Kuhusu matango.

Ilipofika Bon, wafu wanaporudi kutembelea nyumba zao, Mama alitengeneza farasi wa tango wa kumleta Baba mbio nyumbani na ng'ombe wa biringanya wa kumrudisha taratibu, kama kila mwaka. Hilo sina neno. Lakini safari hii niliona matango mawili mezani, yote yameshapachikwa miguu ya njiti.

Naomba uelewe ukubwa wa kosa hili. Kapteni Akizuru anaogopa farasi. Alitupwa na farasi akiwa mtoto, ndiyo sababu ya lile jicho. Shabiki wa wiki moja anajua. Kumpelekea mtu wa namna hiyo farasi, tena akiwa hai na hana habari, ni ukatili. Nilishuka hadi kizingiti cha chumba cha madhabahu kumweleza Mama. Alilichukua lile tango la pili, akalichomoa miguu, akalikatakata akalitia chumvi.

"Basi atapanda na baba yako," akasema. "Amshike kiuno."

Tulilila lile tango kwa chakula cha usiku. Sikufurahi hata kidogo.

5. Kukuhusu wewe mwenyewe, Mheshimiwa.

Linaniuma kuliandika hili, lakini haki ni haki. Ulipokuja, ulivua helmeti, ukapiga magoti mbele ya madhabahu, ukaanza sala. Mimi nilikuwa varandani nimeziba pua. Ulipofika kwa Baba ulilitaja jina lake la umauti, lile ulilompa alipokufa, lote, vizuri kabisa, bila kujikwaa. Nilidhani umemaliza. Ukavuta pumzi, na nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe ukisema: "Na Kapteni Akizuru, aliyeanguka kwa ajili ya wenzake."

Kweli hukuiona rangi ya zile nywele?

Kisha wakati unavaa viatu ulinikuta pale nje ukaniambia, "Kijana, ingia basi ugonge kengele mara moja tu." Nikakueleza habari ya mzio. Ukasema, "Ziba pua, ugonge." Nikakwambia kuna simu napaswa kuipokea. Uliniangalia ukacheka, ukasema, "Haijalia bado." Sikuona cha kuchekesha.

Ila kubwa zaidi ni hili. Ulipochomeka ufunguo kwenye skuta, niliona kining'inio chake. Ni Mchawi Hisame. Ni yule yule aliyetengeneza ukungu ambao Kapteni alianguka ndani yake! Nilipoanza barua hii niliandika kwamba huenda hufuatilii mambo haya. Naiondoa kauli hiyo. Kasisi ambaye ni shabiki wa Hisame hawezi kuongoza ibada ya Kapteni bila kuonekana ana maslahi yake. Mahakamani ungejitoa.

6. Kuhusu mahujaji, na kuporomoka kwa heshima yangu.

Mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha mtandaoni kiitwacho Kamati ya Mwili Haujaonekana. Ni kikundi chenye msimamo. Tunapinga kwa nguvu zote Waombolezaji, yaani mashabiki dhaifu wa moyo waliokubali kwamba Kapteni amekufa na sasa wanavaa nyeusi. Ili kupata ushauri wa wenzangu, niliipiga picha ile madhabahu kutoka mlangoni, nikaituma kwenye kamati kama ushahidi wa dhuluma ninayotendewa.

Haikuchukua muda kuenea. Mwenyekiti wetu, ambaye sijawahi kumwona sura ila nimemheshimu miaka mingi, aliandika mbele ya wote: "Nyumbani kwa Katibu wetu Kapteni anakula wali wa wafu! Unatuhubiria yuko hai halafu mama yako anamgongea kengele? Msaliti mkubwa wewe!" Nikasimamishwa siku hiyohiyo. Nilijitetea kwamba wali si wangu, ni wa Mama. Mtu mmoja akaniuliza, "Na nyumba ya nani hiyo?" Nikazima simu, maana nyumba ni ya Baba.

Na Waombolezaji, kwa upande wao, walisoma jina la kituo chetu cha treni kwenye kalenda ya duka la nyama iliyoonekana ukutani, wakaja kuulizia mtaani. Jumamosi moja wakatokea wasichana watatu kutoka Chiba, wamevaa nyeusi, mikoba yao imefunikwa beji za Kapteni juu mpaka chini, nyingine nadhani nilizifungasha mimi. Walisimama getini wakainama wakauliza kama wanaweza kumwashia udi. Nilitaka kuwafukuza. Mama akatoka na aproni yake: "Karibuni, karibuni wanangu, mmetoka mbali na jua hili! Kazu, toa tikiti kwenye friji."

Walianza kwa Baba, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, kisha wakaenda kwa Kapteni. Walilia sana. Mmoja akauliza, "Na huyu mzee alikuwa mlinzi wa daraja gani, Mama?" Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Huyu alikuwa wa mikeka. Hii mnayokalia ndiyo kazi yake." Wale wasichana wakaipapasa mikeka kwa viganja, wakainama tena mpaka paji la uso likagusa chini. Halafu Mama akawapa chai baridi ya shayiri na akawasimulia habari za Baba mpaka jua likashuka: alivyoshona mkeka kinyume siku nilipozaliwa mimi, alivyokwenda dukani kuninunulia gemu akarudi na mashine ya kupimia presha kwa sababu muuzaji alimwonea huruma. Nilisikiliza yote nikiwa nimekaa ngazini. Hiyo ya mkeka sikuwa naijua.

Yaani marehemu Baba amepata udi mwingi katika alasiri moja, kutoka kwa watu wasiomjua, kuliko aliopata kwa jamaa zake tangu tulipomzika. Kama hii si vurugu, basi sijui vurugu ni nini.

7. Kuhusu hatari ya jambo hili kuenea.

Tukimruhusu Kapteni, tutamkataa nani? Mimi nilianza kuua mazimwi nikiwa darasa la pili. Mazimwi madogo ya mapangoni peke yake hayahesabiki, na yote yalikuwa na mama zao. Kuna joka moja ambalo nimeliua majira yote ya joto, linafufuka naliua tena, ili kupata magamba. Kwa mujibu wa dini ya Mama, nadaiwa wali na nusu ya ulimwengu. Kabati lile la madhabahu litatosha? Utakuja na skuta mara ngapi?

Nami mwenyewe je? Mimi nimekufa kwenye gemu kuliko mtu yeyote ninayemjua, mara nyingine kabla ya kunywa chai. Hakuna aliyewahi kunitangaza marehemu. Ni kweli kwamba wikiendi ya mashindano Mama huniletea wali na chai, akaviweka sakafuni nje ya mlango wangu, akagonga mara moja na kuondoka bila kungoja jibu. Lakini hilo ni jambo tofauti kabisa.

Nisije nikaonekana nimeficha upande wa pili, nitaeleza pia utetezi wa Mama. Baada ya wale wasichana kuondoka nilimwambia, kwa ukali kidogo, kwamba sasa imetosha, amtoe Kapteni. Alikuwa anaosha vikombe. Akasema:

"Kazu, siku tuliyompeleka baba yako tanuruni kuchomwa ulisimama pale unachezea simu. Hata chozi moja hukutoa. Nikasema labda vijana wa siku hizi wanalia ndani kwa ndani, nikanyamaza. Halafu Jumapili ile nakunja soksi zako, nakusikia unalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Ulilia mpaka ukakosa pumzi. Nikasema basi, huyu naye ni mtu wetu. Yeyote aliyekuliza hivyo ni wa nyumba hii, awe na nywele za zambarau, awe na za kijani."

Naomba nijibu hoja hizo. Kwanza, nililia kwa sababu kisa kile kilichorwa vibaya: ukungu ulikuwa uleule wa kisa cha pili, wameurudia. Shabiki yeyote makini angelia.

Pili, kuhusu simu. Siku ile ilikuwa ya mwisho ya kuupata Upanga wa Kapteni kwenye gemu, na usingetolewa tena. Baba hakuwahi kuelewa gemu hata moja maishani mwake. Lakini hospitalini, kila nilipokwenda, hakuwa na kingine cha kuniuliza. "Vipi, ule upanga umeupata?" Nikasema bado. Kesho yake: "Umeupata?" Bado, Baba. Alisema nisiukose, mambo kama hayo hayarudi. Niliupata siku ile, saa ileile, nimesimama mbele ya tanuru, mlango wake umeshafungwa.

Lakini hayo hayahusiani na malalamiko yangu.

Kwa hiyo basi, Mheshimiwa, naomba yafuatayo. Utoe cheti chenye mhuri wa hekalu kuthibitisha kwamba Kapteni Akizuru yu hai, nakala kwa Bi. Obata, ambaye nitamwomba azirudishe taulo. Uisome upya ile sala ya Bon kuanzia mwisho kwenda mwanzo, hata kwa sauti ya chini, ili ifutike. Umwamuru Mama anirudishie sanamu yangu. Na ubadilishe kining'inio.

Usipofanya hivyo, nitalazimika kuandikia hekalu kuu Kyoto. Ikibidi tutaihamisha mifupa ya Baba kwenye yale makaburi mapya ya ghorofa karibu na kituo, ambako unaingiza kadi na marehemu analetwa na mashine, na hakuna kasisi wa kupenyeza majina ya ziada. Nasema hivi kwa masikitiko, nikijua kwamba kule chini ni saruji tupu na Baba angeulizia mikeka iko wapi.

Nakushukuru kwa muda wako. Msalimie sana mama wa hekaluni, wale bibi wa kwaya ya sala, yule mzee anayefagia majani ya mti wa ginko akinung'unika, na paka mwenye mkia mfupi. Bi. Obata anawasalimia wote. Mama pia angewasalimia, ila hajui kama naandika.

Wako katika kuutetea uhai wa Kapteni,

Nezu Kazumichi
Katibu (aliyesimamishwa), Kamati ya Mwili Haujaonekana

Tanbihi. Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa sababu jana ilikuwa Jumapili na Kapteni amerudi.

Ametoka ukunguni kwa miguu yake, Mheshimiwa! Mkono mmoja umefungwa bendeji, amekonda, lakini ni yeye, na mwili umeonyeshwa wote. Nilipiga ukelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Mwenyekiti ameniandikia kuomba radhi na nimerudishiwa ukatibu. Mama alipiga makofi, akasema, "Unaona? Kumbe alikuwa anakula."

Basi nikaenda moja kwa moja madhabahuni, safari hii bila kusimama mlangoni, nikamchukua Kapteni wangu. Mama hakunizuia. "Mchukue, mzima hakai hapa," akasema. Akaondoa bakuli lake la wali na kikombe chake cha chai, akavuta bakuli la Baba katikati, akaenda jikoni.

Nilibaki nimesimama na Kapteni mkononi. Pale ndani palikuwa pamebaki bakuli moja, na Baba anatazama mbele kama mtu aliyeondokewa na mgeni.

Nimemrudisha. Simrudishi kama marehemu, hilo naomba lieleweke. Nimemweka upande wa kushoto, kama mtu aliyepita kumjulia hali mwenyeji wake. Na kwa kuwa nilikuwa pale tayari, nimepiga magoti kwenye mkeka nikawasha kijiti kimoja cha udi, nikamwambia Baba kwamba ule upanga niliupata. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Macho yamenitoka maji mengi mno, kama nilivyotahadharisha. Ni mzio.

Kwa hiyo usimwambie Mama chochote. Yapuuze yote kuanzia namba moja hadi saba, isipokuwa la natto, hilo nalisimamia. Taulo Bi. Obata abaki nazo. Mwaka kesho Bon tango moja linatosha, watapanda wote wawili. Na ukija usiniite tena kutoka varandani, nitakuwa ndani. Kengele nitagonga mimi.